Maswali ninayoulizwa sana kuhusu Canagarajah na Kiingereza cha tasnifu

Ninasoma rasimu za watu. Wengi ni wanafunzi wa shahada ya pili na ya tatu hapa Unguja, na wachache hunitumia kazi zao kutoka Pemba. Maswali yao yanafanana mno, na nimechoka kuyajibu moja moja usiku kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Anayeona swali lake ajue si yeye peke yake aliyeliuliza.

Huyu Canagarajah ni nani hata kila mtu ananiambia nimsome?

Suresh Canagarajah ni Mtamil wa Jaffna, kaskazini ya Sri Lanka. Alisomea udaktari wake Texas, akarudi kwao kufundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Jaffna wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, kisha mwaka 1994 akahamia Marekani. Kwa miaka mingi sasa yuko Chuo Kikuu cha Penn State. Anaandika juu ya watu wenye lugha zaidi ya moja wanaolazimika kuandika taaluma kwa Kiingereza, nayo ni hali anayoijua kwa kuiishi.

Wasimamizi wetu wanamtaja kwa sababu kazi zake zinawahusu wao kabla hazijakuhusu wewe. Yeye hajaanza na mwanafunzi asiyejua Kiingereza. Ameanza na mwalimu wa chuo kikuu mwenye elimu kamili, mwenye jambo la kusema, ambaye makala yake yanarudishwa kwa mambo yasiyohusiana na elimu yake.

Mambo gani hayo?

Karatasi, kwa mfano. Mwaka 1996 alichapisha makala kuhusu masharti ya majarida ambayo hayagusi fikra wala lugha: nakala kadhaa zilizochapwa vizuri, karatasi za aina fulani, gharama ya posta, marejeleo mapya, muda mfupi wa kurudisha marekebisho. Mhariri aliye London anaona hayo ni mambo madogo. Jaffna ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikuwa na umeme, karatasi zilikuwa adimu, barua ilichukua muda mrefu kufika na pengine haikufika, na vitabu vipya viliingia kwa bahati. Kwa hiyo makala ya mtu wa Jaffna yalionekana ya kizamani na machafu kabla hayajasomwa hata aya moja. Kitabu chake cha mwaka 2002 kimelipanua jambo hilo: nani anazalisha elimu, nani anaipokea, na kwa nini mwalimu wa pembezoni anabaki kuwa mtu wa kupeleka data tu.

Sisi leo hatupeleki bahasha posta. Lakini mwambie mtu anayeandika Wete umeme ukiwa umekatika na kifurushi cha intaneti kimekwisha kwamba masharti ya jarida ni mambo madogo. Makala anayotakiwa kuyanukuu yamefungwa, na ufunguo wake ni dola 40. Mpitiaji, yule msomi anayeikagua makala kwa niaba ya jarida, anamwandikia kuwa marejeleo yake yamepitwa na wakati. Ni kweli yamepitwa. Ameandika aliyoweza kuyafikia.

Hapa nina neno moja la matumizi. Kabla hujalipa, mwulize mkutubi wa chuo chako kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu njia ya kusoma majarida bure au kwa bei ndogo. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao hawajawahi kuusikia, na mkutubi yuko mlango wa pili. Mwandikie pia mwandishi mwenyewe umwombe nakala. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, na hufurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

Ni kweli amesema tuandike Kiingereza chetu tunavyotaka?

Hili ndilo swali namba moja, na kila anayeniuliza tayari ana jibu analotaka kulisikia.

Hapana. Alichosema ni kigumu zaidi. Katika makala mawili ya mwaka 2006 alileta mambo ambayo kwa Kiswahili ningeyaita kuvuka na kurudi, na kusuka. Kuvuka na kurudi ni uwezo wa mtu kutoka lugha moja na hadhira moja kwenda nyingine bila ya kupotea, kama mtu wa boti ya Pemba ambaye ana kwao Mkoani na ana kwao Malindi ya Unguja. Kusuka ni kuingiza uzi wa lugha yako ndani ya andiko la Kiingereza kwa makusudi, pahala panapohitaji.

Waliokulia karibu na wanaosuka mikeka watanielewa haraka. Mwanamke anayesuka ukili wa rangi haingizi miyaa myekundu popote mkono ulipofika. Anahesabu. Mwekundu ukiingia pasipo hesabu, mkeka mzima unaonekana umekosewa. Mfano mmoja alioutumia Canagarajah ni Geneva Smitherman, mwanaisimu Mmarekani mweusi ambaye katika makala yake ya kitaaluma huingiza Kiingereza cha Wamarekani weusi. Smitherman anakimudu Kiingereza cha majarida sawasawa, na msomaji anaona kwamba alichokifanya amekichagua.

Basi mwanafunzi akinijia na aya yenye makosa matano ya vitenzi na kunambia, "Maalim, huku ndiko kusuka," namjibu kwamba hiyo miyaa imefumuka. Ukiweza kunieleza kwa nini umeliweka neno lile pale, na umeliweka kwa faida gani ya msomaji, nitakutetea mbele ya mtahini yeyote. Kama huwezi, tulisahihishe.

Katika isimu ya Kiswahili tuna istilahi za kubadili msimbo na kuchanganya msimbo, yaani kuhama lugha au kuzichanganya mtu anapozungumza, nazo ni nzuri kwa mazungumzo ya barazani. Kwa maandishi hazitoshi, kwa sababu mwandishi ana muda wa kufuta.

Msimamizi kaandika pembezoni: "Hiki ni Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza." Amenitukana?

Pengine. Lakini mara nyingi ana haki, na kosa linaweza kutajwa jina. Haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi:

Kwanza, kiambishi kinachorudia. Kwa Kiswahili tunasema "kitabu ambacho nilikisoma", na hiyo "ki" ya pili ni sahihi kabisa. Ukiipeleka kwenye Kiingereza unapata kitabu ambacho nilisoma "it", na Kiingereza hakiitaki.

Pili, "ingawa" na "lakini" katika sentensi moja. Kwetu zinakaa pamoja kwa raha, ingawa moja ingetosha. Kiingereza kinachukua moja tu.

Tatu, mtu wa tatu. Kiswahili kina "a-" tu, mwanamume na mwanamke wote mle mle. Matokeo yake Bi fulani aliyehojiwa Jambiani ni mwanamke katika aya ya kwanza, mwanamume katika ya pili, na katika ya tatu amerudi kuwa mwanamke. Nimeliona hili katika tasnifu iliyokwisha kupita kwa watahini wawili.

Nne, "-ni". Nyumbani, baharini, mezani: kiambishi kimoja kinabeba kazi ambayo Kiingereza kimevigawia vijineno vitatu au vinne. Hakuna kanuni ya kukupa hapa. Soma sana, na ukiona kijineno cha aina hiyo kiandike pamoja na nomino yake.

Tano, maneno yetu mapana. Mkono ni kuanzia begani hadi kwenye vidole. Kuazima ni kutoa na ni kupokea. Harufu tunaisikia. Mwanafunzi wa afya anayeandika kwamba mgonjwa ana jeraha la mkono lazima aamue ni pahala gani pa mkono, kwa sababu Kiingereza hakitamruhusu asiamue.

Na "the". Nisikudanganye, "the" inawashinda hata walimu wenu. Inanishinda na mimi nikichoka.

Haya yote hayaonyeshi kwamba kichwa chako kimechanganyikiwa. Yanaonyesha kuwa una sarufi nyingine iliyo hai inayofanya kazi yake. Canagarajah anapigania waalimu waache kumtazama mwandishi wa lugha mbili kama mtu aliyepungukiwa. Nakubaliana naye, na bado kalamu yangu nyekundu siiweki chini.

Saa je? Nimeambiwa niseme kitu kuhusu saa.

Mwaka mmoja nilipeleka makala kuhusu wakulima wa mwani, nikaandika kwamba mahojiano yalianza saa mbili, kwa tarakimu, kama nilivyoandika kwenye daftari ufukweni. Mpitiaji akauliza kwa adabu sana kwa nini niliwahoji akina mama saa nane za usiku. Tangu siku ile kila rasimu ninaipitia kutafuta saa, na zaidi ya mara moja nimezikuta.

Ni kweli sisi Waswahili tunazunguka badala ya kwenda kwenye hoja?

Fikra hiyo ina baba yake. Mwaka 1966 Mmarekani Robert Kaplan alichapisha makala yenye michoro maarufu: Kiingereza mstari ulionyooka, lugha za Mashariki duara linalojizungusha, za Kisemiti mistari inayorudi sambamba, na nyingine hivi na hivi. Lugha za Kibantu hazikuchorwa hata kidogo, lakini hilo halijawazuia watu kutupa mchoro wetu. Kaplan mwenyewe baadaye alikiri kuwa alilitia chumvi jambo lile.

Canagarajah ni miongoni mwa wanaopinga kumfunga mtu ndani ya mchoro. Katika mojawapo ya yale makala ya 2006 alimchukua msomi mkubwa wa Kitamil, Profesa Karthigesu Sivathamby, akalinganisha alivyoandika kwa Kitamil kwa watu wake, kwa Kiingereza kwa wasomaji wa nyumbani, na kwa Kiingereza kwa jarida la nje. Mtu mmoja, kichwa kimoja, milango mitatu tofauti. Kama lugha ya mama ingekuwa ndiyo inayoamua mstari uende wapi, maandiko yote matatu yangefanana.

Ameandika pia kuhusu desturi ya wasomi wa Kitamil ya kuanza kwa kujinyenyekeza mbele ya hadhira kabla ya kutoa hoja. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo tunavyoanza sisi: "mimi si mjuzi mbele yenu, nikiteleza mnisahihishe." Tenzi zetu za zamani zina mwanzo wake unaojulikana, kumtaja Mungu, kuomba wino na karatasi, kisha habari yenyewe. Huo ni mpango, na msikilizaji anaujua. Anayesema tunazunguka hajui mlango uko wapi.

Jarida la Kiingereza lina mlango wake, nao umechorwa ramani. John Swales, ambaye kabla ya Michigan alifundisha Khartoum, alionyesha mwaka 1990 kwamba utangulizi wa makala hupiga hatua tatu: unaweka uwanja, unaonyesha pengo, unaingia kwenye pengo. Unyenyekevu wetu unagongana na hatua ya pili. Kijana wa Zanzibar hapendi kusema "wakubwa walionitangulia wameacha jambo hili". Anaona ni utovu wa adabu. Anataja wakubwa kurasa kumi na mbili, mmoja mmoja, kwa heshima zote, na pengo halisemi.

Dawa yangu ni kuligeuza pengo kuwa la pahala. Badala ya kusema fulani amekosea, sema fulani alifanya kazi yake bara, na Kisiwani hali ya jambo ni hivi na hivi. Adabu inabaki, na mpitiaji anapata pengo lake.

Maneno kama bamvua, dago, makonyo na eka tatu niyafanyeje?

Swali ninalolipenda kuliko yote.

Yatenge mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maneno ambayo Kiingereza kinayo, ila wewe hujayajua bado. Bamvua ni "spring tide". Mwanafunzi mmoja wangu alilikataa neno hilo kwa sababu alidhani linahusu majira ya masika ya Ulaya, akaandika "maji makubwa" kwa Kiingereza, na mtu wa sayansi ya bahari akamwona hajui bahari. Kumbe bahari anaijua kuliko mtahini wake: anajua maji yanapwa mbali mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na ndizo siku wakulima wa mwani wa Paje wanapata saa za kutosha za kufunga mbegu. Maji mafu nayo yana neno lake, "neap tide". Makonyo vilevile: biashara ya karafuu duniani ina neno la vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, na kiwanda cha Wawi kinavikamua mafuta. Maneno kama haya usiyaache kwa Kiswahili ukadhani unautetea utamaduni. Tafuta neno la fani.

Fungu la pili ni maneno yaliyobeba historia. Dago si kambi tu. Mvuvi wa Kojani akisema anakwenda dago, anasema kuhusu msimu, kuhusu wenzake wa chombo, kuhusu miezi ya kulala ufukwe wa watu, na kuhusu nyumba anayoiacha nyuma. Ukiandika "camp" msomaji ataona mahema. Na eka tatu: ukitafsiri kwa Kiingereza umepata kipimo cha ardhi. Mzee wa Pemba anayekwambia "hili ni shamba la eka tatu" anakwambia kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliitaifisha ardhi na kuigawa vipande vya eka tatu, na kwamba yeye au baba yake alipewa. Pengine anakwambia pia kwamba mikarafuu iliyomo ilipandwa na mwengine.

Maneno ya fungu hili yaache kwa Kiswahili. Lieleze neno mara moja linapoingia, kwa sentensi nzima, kisha litumie bila ya kuomba radhi. Huku ndiko kusuka kwenye hesabu. Chagua machache, tasnifu yenye maneno arobaini ya aina hiyo inamchosha msomaji hata wa Makunduchi.

Wengine hunitajia Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, kwamba yeye huyaacha maneno yetu ndani ya Kiingereza chake na dunia inamsoma. Ni kweli. Lakini msomaji wa riwaya yuko tayari kungoja kurasa thelathini ndipo aelewe. Mtahini wako hana subira hiyo.

Na Kiarabu? Nataka kufungua sura kwa aya.

Canagarajah aliwahi kuandika kuhusu mwanafunzi wake kutoka Saudi Arabia aliyeingiza Kiarabu, kwa hati zake, katika insha ya maisha yake ya kusoma na kuandika, bila ya kutafsiri kila pahala, na wenzake darasani wakalazimika kuhangaika kidogo kuelewa. Mwalimu alimruhusu, lakini pia alimwuliza maswali mengi: kwa nini hapa, kwa nini bila tafsiri.

Sisi tuliopita chuo cha Kurani tukajua alifu na be kabla ya kuanza skuli hatuoni ajabu katika hilo. Lakini ile ilikuwa insha ya maisha. Kwa tasnifu ya ualimu au ya uchumi, aya ikae kwenye ukurasa wa tabaruku, na tafsiri yake iwepo. Kwa tasnifu ya dini au ya historia ya hati zetu ni jambo jengine.

Niandike kwanza kwa Kiswahili, halafu nitafsiri?

Sentensi kwa sentensi, hapana. Utapata kile alichokilalamikia msimamizi hapo juu. Hoja, ndiyo. Zungumza sura yako kwa Kiswahili kwenye simu, dakika kumi, kama unamweleza mjomba asiyesoma. Sikiliza. Utakuta umesema jambo kuu katika dakika ya saba. Anza Kiingereza chako hapo.

Madaftari ya utafiti weka kwa Kiswahili mpaka mwisho. Chambua mahojiano katika lugha yaliyosemwa, na tafsiri zile nukuu tu zitakazoingia kwenye andiko. Wapo wanaotafsiri mahojiano yote kwanza ili programu ya kuchambulia ifanye kazi, kisha wanachambua tafsiri yao wenyewe. Hapo unachunguza maneno yako, si ya aliyehojiwa. Na nukuu muhimu ziweke kwa lugha zote mbili, Kiswahili juu, Kiingereza chini, ili mtahini wa hapa aweze kukukagua.

Waliohojiwa wametumia Kipemba au Kimakunduchi. Nisanifishe?

Usiguse. Andika kama walivyosema. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, limetoa makamusi ya Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, kwa hiyo huna kisingizio cha kutojua tahajia. Inashangaza mtu anamnukuu Canagarajah kuhusu ubabe wa Kiingereza, kisha yeye mwenyewe anamsahihishia bibi yake lahaja.

Jina langu liandikwe vipi? Mfumo unadai jina la ukoo.

Wengi wetu hatuna. Tuna jina letu, la baba na la babu. Ukiandika jina la babu kama la ukoo, utanukuliwa kwa jina la babu maisha yako yote, na kaka yako aliyeandika la baba ataonekana si ndugu yako. Hakuna jibu moja sahihi. Chagua sura moja kabla ya makala ya kwanza na usiibadilishe, hata ukiolewa. Kisha jisajili ORCID, ni bure, upate namba ya tarakimu 16 itakayokufuata popote jina litakapokorogwa.

Jarida limeniandikia barua pepe kunisifu na linataka dola 150. Nilipe?

Hukuwapelekea kitu, wao ndio wamekutafuta, na wanaahidi kuchapisha ndani ya wiki. Unajua jibu.

Si kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli, na si kila la bure ni zuri. Tazama kama limo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, soma makala mawili ya ndani, tafuta majina ya wahariri uone kama wao wenyewe wanajua kuwa ni wahariri. Kwa majarida ya Afrika anza na AJOL, tovuti inayoyakusanya pamoja.

Programu za kutafsiri na akili mnemba je? Si zimemaliza tatizo?

Zimemaliza "the". Hilo nalishukuru. Lakini juzi nilisoma rasimu ambamo "kuchambua karafuu" limekuwa kuzifanyia karafuu uchanganuzi, na dago limefutwa kabisa. Programu ilinyoosha Kiingereza, ikaondoa kila kilichoonyesha kwamba mwandishi aliwahi kukanyaga Kojani. Itumie kukagua sarufi baada ya wewe kuandika, fuata kanuni za chuo chako kuhusu kuitaja, na ukisoma ukiona hujui sentensi ile imetoka wapi, irudishe ilikotoka.

Makala ya Kiswahili yanahesabiwa?

Kwa fani ya Kiswahili, ndiyo, tasnifu na makala. Majarida mawili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, "Kiswahili" na "Kioo cha Lugha", yapo, na Swahili Forum linasomeka bure mtandaoni. Kwa fani nyingine, inategemea kamati ya kupandisha vyeo, na kamati nyingi bado zinatazama nje. Swales, ambaye Kiingereza ndicho kilichomlisha, mwaka 1997 alikifananisha na Tyrannosaurus rex, yule dainosari anayewala wengine wote malishoni. Mimi huwaambia watu wafanye yote mawili: makala ya Kiingereza kwa ajili ya kamati, na muhtasari wa kurasa nne wa Kiswahili kwa ajili ya kijiji kilichowapa data. Kurasa nne hazichukui wiki. Mama wa mwani aliyekupa siku tatu za bamvua ana haki ya kuzisoma, au kusomewa.

Wewe unamkubali kila pahala?

Hapana. Anaandika kutoka Penn State, na mtu mwenye kiti pale akisuka lugha anaitwa mbunifu. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tunguu akifanya hayo hayo anaitwa dhaifu. Yeye mwenyewe analijua hilo na amelisema, lakini wafuasi wake hulisahau. Mwaka 2015 wataalamu kadhaa wa uandishi wa lugha ya pili walitoa barua ya wazi wakitaka watu wasidhani kwamba nadharia hii mpya ya kuvuka na kusuka lugha inachukua nafasi ya kazi ya kumfundisha mtu lugha ya pili. Niko upande wao katika hilo. Mtu hawezi kuvuka na kurudi kama hajafundishwa njia ya kwendea.

Ninachokipenda zaidi kwake ni kile kitabu chake cha 1999, pale alipokusanya vitabu vya Kiingereza vya wanafunzi wa Jaffna akachunguza walichokichora na kukiandika pembezoni kwa Kitamil darasa likiendelea. Tangu nisome hicho, mtu akiniletea rasimu namwomba na daftari. Pembezoni, kwa Kiswahili, kwa kalamu ya risasi, huwa pana sentensi moja iliyo bora kuliko sura nzima.

Unachukua muda gani kusoma sura moja?

Wiki mbili. Mwezi wa Ramadhani, tatu. Lete faili la Word, siyo PDF, na usiniletee sura ya tano kabla sijaiona ya kwanza.